Moshi mweusi wa moteri ya mazutu: chupa ya dawa au kazi ya fundi?

Hapa Mudaka, kando ya barabara inayotoka Bukavu kwenda Kavumu, akina mama wanaongoja unga kwenye kinu wakiwa na watoto mgongoni, katikati ya moshi. Si jambo dogo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la OMS liliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu.

Moshi mweusi ni mazutu yasiyoungua yote. Moteri hii haina buji: pistoni inakandamiza hewa mpaka inakuwa moto sana, enjektere inanyunyiza mazutu, nayo yanawaka yenyewe. Hewa ikipungua, masizi yanabaki. Na sisi tunaishi juu ya mita 1,400, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Pompu iliyopimwa kwa ajili ya pwani itatoa mazutu mengi kuliko hewa yetu inavyoweza kuunguza. Kwa hiyo fundi aanze kwa kusafisha filtre ya hewa, kupima enjektere, na kupunguza kiasi cha mazutu. Wengi tunaruka hatua hiyo.

Halafu kuna wakati wa kunyunyiza. Mazutu yanapaswa kuingia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa. Yakichelewa, nguvu inapungua na moshi unazidi. Yakiwahi, masizi yanapungua, lakini joto ndani ya silinda linapanda na gesi za nitrojeni, zinazowasha mapafu, zinaongezeka. Yakiwahi mno, moteri inagonga kama nyundo na pistoni inaweza kuharibika. Tafuta kipimo cha kiwanda katika kitabu cha moteri. Kwenye moteri nyingi za silinda moja, fundi anakirudisha kwa vipande vyembamba vya bati chini ya pompu: akiongeza bati, mazutu yanachelewa, akipunguza, yanawahi.

Na chupa? Zipo dawa zinazosafisha enjektere, na zipo zinazofanya mazutu yawake upesi zaidi. Zinasaidia, hasa mazutu yakiwa hafifu. Lakini hakuna dawa inayoziba enjektere inayovuja. Sisi wenyewe kanisani tulimwaga chupa mbili katika moteri ya umeme, moshi ukabaki vilevile. Filtre ilikuwa imejaa vumbi la barabara. Dawa haiondoi salfa pia. Hiyo inaondolewa kiwandani mafuta yanaposafishwa, ndiyo maana mwaka 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliweka kikomo cha sehemu 50 za salfa katika milioni. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Anayenunua bidoni kando ya barabara hana njia ya kujua kilichomo.

Usichanganye mazutu na mafuta ya taa wala oili chafu, hata kama bei inavutia. Na wakati fundi anasubiriwa, bomba la moshi lipandishwe juu ya paa, mbali na dirisha na mbali na foleni ya akina mama.