Mlango wa Sodiamu: Historia ya Vyandarua vya Muleba

Mapambano dhidi ya malaria katika wilaya ya Muleba, iliyo kusini mwa Bukoba kando ya Ziwa Victoria, mara nyingi husimuliwa kwa hesabu za vyandarua vilivyogawiwa na nyumba zilizonyunyiziwa dawa, ilhali sehemu kubwa ya ushindi wake, na ya kushindwa kwake pia, iliamuliwa katika utando wa seli, yaani ngozi nyembamba ya mafuta na protini inayoizunguka kila seli na kusimamia kipi kiingie na kipi kitoke.

Vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya utando huo bila msaada, lakini ioni, ambazo ni chembe zenye chaji ya umeme kama zile za sodiamu, hazina njia isipokuwa milango maalumu ya protini. Katika seli ya neva, pampu zilizomo utandoni hutumia nishati kuitoa sodiamu nje mfululizo, hivyo mlango unapofunguka sodiamu huingia kwa kasi, ishara ya umeme husafiri, na mlango hujifunga tena kufumba na kufumbua. Hodgkin na Huxley, wataalamu wa Uingereza, waliueleza utaratibu huu mwaka 1952 baada ya kuchunguza neva nene za ngisi.

Dawa ya mbu iliyotegemewa zaidi Afrika Mashariki hufanya kazi hapo hapo mlangoni. Asili yake ni maua ya pareto, zao lililolimwa kwa wingi Kenya na katika nyanda za juu za Tanzania, ambalo sumu yake huoza upesi juani. Ndiyo maana mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, walitangaza permethrini, sumu ya jamii hiyo iliyotengenezwa maabara na inayostahimili mwanga. Mbu anapotua juu ya chandarua, sumu hupenya kupitia miguu yake, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, kisha huushikilia mlango wa sodiamu ubaki wazi. Neva hupiga ishara bila kukoma, miguu hutetemeka, na mbu huanguka chali, hawezi kuruka wala kuuma.

Muleba ilihitaji sana silaha kama hiyo. Katika maeneo yake ya miinuko malaria haikuwepo kwa kiwango kilekile mwaka mzima, watu wengi hawakuwa na kinga ya kutosha, na mvua zilipozidi ugonjwa ulilipuka, kama ilivyotokea wakati wa El Niño ya mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2006. Mlipuko huo wa mwisho ndio uliotangulia kampeni ya kunyunyizia dawa ukoko, ile inayopakwa kutani na kubaki humo kwa miezi, iliyoanza mwaka 2007 kwa kutumia sumu ya jamii hiyo hiyo ya pareto. Kuta na vyandarua, kwa hiyo, vilikuwa vikibisha mlango mmoja, jambo lililowapa mbu wanaostahimili sumu hiyo nafasi kubwa ya kuzaliana.

Ustahimilivu uliopatikana Muleba ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, protini ya mlango ilikuwa imebadilika sehemu moja tu, ambapo serini imechukua nafasi ya lusini, badiliko lililowahi kuonekana kwa mbu wa Kenya, na sumu haiushiki tena mlango huo vizuri. Pili, vimeng'enya vya mbu viliivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Mwaka 2015 watafiti wa Tanzania na Uingereza waligawa Muleba vyandarua vilivyoongezewa piperonili butoksaidi, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo, na baada ya miezi tisa maambukizi kwa watoto yalikuwa asilimia 29, dhidi ya asilimia 42 kwa waliopewa vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali vyandarua vya aina hiyo, na ni haki kusema kwamba vijiji vya Muleba vilichangia uamuzi huo kuliko maabara nyingi za mbali.

Ng'ambo ya ziwa, huko Misungwi mkoani Mwanza, hatua iliyofuata ilihamia kwenye utando mwingine kabisa, ule wa ndani wa mitokondria, yaani kiungo cha seli kinachozalisha nishati. Klorfenapiri, dawa iliyotiwa kwenye vyandarua vipya vilivyojaribiwa huko, hupitisha protoni kiholela kwenye utando huo, tofauti ya chaji inayoendesha uzalishaji wa nishati hupotea, na mbu hufa kwa kuishiwa nguvu. Tena vimeng'enya vile vile vinavyovunja sumu ya pareto ndivyo vinavyoigeuza klorfenapiri kuwa kali. Baada ya miaka miwili maambukizi kwa watoto waliotumia vyandarua hivyo yalikuwa asilimia 25.6, badala ya 45.8 kwa waliotumia vyandarua vya kawaida, na mwaka 2023 vyandarua hivyo navyo vilipendekezwa rasmi na Shirika la Afya Duniani.