Tairi pana kwenye Land Cruiser ya zamani: piga hesabu kabla hujatoa hela



Masika ikikaribia swali ni lile lile: "Mkuu, nina mkweche wangu wa Land Cruiser, nikifunga tairi pana si nitapita popote?" Safari hii kauliza jamaa yangu anayebeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu kwa pikapu ya HZJ75. Vitunguu vikilala njiani siku mbili kwenye mvua vinaanza kuoza, na hela ya tairi tano ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea kununulia mbegu za msimu ujao. Kwa hiyo hapa hatuongelei gari kupendeza. Nimempigia hesabu, nikaona niziweke na hapa, maana wenye magari ya aina hii ni wengi. Nakili kwenye karatasi uende nayo gereji.

Jibu la haraka: upana peke yake haukutoi kwenye tope. Angalia kwanza upepo ulioko ndani ya tairi, kashata zake, na mguu wa dereva. Upana unakuja baada ya hapo.

GARI LENYEWE

HZJ75 ilitengenezwa kuanzia 1990 hadi 1999. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya cc 4,164 isiyo na turbo, na ina springi mbele na nyuma, siyo koili. Nyingi zilikuja na tairi za 7.50R16 zenye tyubu, juu ya rimu nyembamba ya inchi 5.5 yenye pete ya kufungia. Gurudumu lina nati sita. Matoleo yaliyofuata mwishoni mwa 1999 yana nati tano, kwa hiyo ukienda kutafuta rimu za mtumba hesabu matundu kwanza ndiyo muongee bei.

KUSOMA NAMBA

Chukua 265/75R16. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 75 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 75 ya upana huo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani kama milimita 406. Kupata kimo cha tairi: 265 x 0.75 x 2, jumlisha 406. Jibu ni kama 804.

Sasa linganisha:

7.50R16: upana kama mm 215, kimo kama mm 805
235/85R16: upana mm 235, kimo mm 806
265/75R16: upana mm 265, kimo mm 804
285/75R16: upana mm 285, kimo mm 834

Umeona? Hizo mbili za katikati zina kimo kile kile cha tairi ya zamani. Gari halinyanyuki hata kidogo, ila spidomita nayo haidanganyi. Ukienda kwenye 285, tumbo la gari linapanda milimita 15 tu (nusu ya tofauti ya kimo), na spidomita ikisoma 80 wewe uko kama 83. Na injini isiyo na turbo itaanza kulalamika mlimani, kwa sababu ni kama umeirefushia gia.

UPEPO NDIO MCHAWI

Hapa wengi hawaamini. Gari likiwa na mzigo hadi tani 2.8, kila tairi inabeba kama kilo 700. Upepo wa PSI 40 ni kama kilo 2.8 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 700 kwa 2.8: tairi inagusa ardhi eneo la kama sentimita za mraba 250. Shusha hadi PSI 20, eneo linakaribia 500. Umelizidisha mara mbili bila kutoa hata shilingi!

Ukiweka tairi pana na kuacha upepo ule ule, eneo linabaki karibu lile lile, linabadilika umbo tu: linakuwa pana na fupi. Kwenye mchanga unataka alama ndefu, na hiyo inaletwa na kupunguza upepo.

Ila jamani, upepo mdogo ni wa kutambaa. Nenda taratibu, kona usizikate kwa nguvu, na ukifika barabara ngumu jaza tena. Tairi laini yenye mzigo ikikimbizwa inapata moto na kupasuka. Kama huna geji na kompresa ya kuchomeka kwenye betri, nunua hivyo kabla ya tairi.

TOPE LIKO LA AINA MBILI

Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa unateleza juu, lakini chini kidogo kuna ardhi ngumu. Hapo tairi nyembamba yenye kashata kubwa zilizoachana inakata tope na kushika chini. Pana inaelea juu na kukupeleka mtaroni. Kwenye mchanga wa upande wa Ziwa Eyasi, au tope refu la mbuga lisilo na mwisho, pana inasaidia kweli. Kwenye mawe makali, ukuta wa tairi pana uliolegezwa upepo unajitokeza pembeni na ni rahisi kuchanika.

RIMU NA NAFASI

265/75R16 inataka rimu ya inchi 7 hadi 8. 285/75R16 inataka 7.5 hadi 9. 235/85R16 inataka 6 hadi 7.5. Hakuna hata moja inayokaa sawasawa kwenye ile rimu ya 5.5. Fundi akikwambia "itaingia tu bosi", muulize ni nani atakayekuwa ndani siku itakapochomoka kwenye kona.

Na hizo rimu za pete tuziheshimu. Kabla ya kuifungua, toa upepo wote. Wakati wa kujaza, mtu asisimame wala kuinama mbele yake. Pete ikiruka inaua.

Rimu pana husogeza tairi nje. Ikizidi, beringi za gurudumu zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa, usukani unakuwa mzito, mawe yanarukia waliokaa nyuma. Ikisogea ndani, inasugua springi. Kwa hiyo funga mbili za mbele kwanza, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, halafu pandisha gurudumu moja juu ya jiwe ili springi ibonyee. Angalia springi na madigadi. Zikigusa, bolti za kuzuia usukani zinaweza kurekebishwa, ila gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuza.

MZIGO NA UMRI

Ubavuni kuna namba ya uzito. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Mbeba vitunguu asichukue ya gari la kutembelea.

Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshakauka. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, iache hapo hapo.

Zote nne ziwe saizi moja, na spea pia. Mbele na nyuma zikitofautiana kimo ukaingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu, giaboksi na difu zinavutana hadi kitu kivunjike.

NILICHOMSHAURI

Jamaa anapita udongo mwekundu na mchanga kwa siku moja, tena na mzigo. Nimemwambia abaki na 7.50R16 mpya za kashata kubwa, anunue geji na kompresa, na hela inayobaki iende kwenye mbegu. Akipata rimu nzuri za inchi 6 au 7, basi 235/85R16. Hizo 265 namshauri anayeshinda kwenye mchanga. 285 ni za mwenye hela ya rimu, springi na breki kwa pamoja.

Ukishafunga, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi. Wenye uzoefu wa Loliondo, Rufiji na kwingineko, tupeni maoni hapo chini.