Kutoka Mikononi mwa Baba

Katika kitabu cha 37 cha Digesta, mkusanyiko wa sheria za Kirumi uliotangazwa mwaka 533 kwa amri ya Kaisari Justinian, kuna kisa cha mistari michache kilichosimuliwa na mwanasheria Papinian. Kijana mmoja alikuwa akiteswa na baba yake. Jina lake halikuandikwa, wala umri, wala alichofanyiwa. Kilichoandikwa ni kwamba Kaisari Trajan, aliyetawala kati ya mwaka 98 na 117, alimlazimisha baba huyo amwachie mwanawe kisheria. Baadaye kijana akafariki. Baba akaibuka kudai urithi, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyemweka huru, na kwa sheria aliyemweka huru mtu ana haki katika mali yake. Wanasheria wawili, Neratius Priscus na Aristo, wakashauri anyimwe. Akanyimwa.

Kila ninaposikia habari za kijana wa miaka 15 au 16 anayetafuta njia ya kisheria ya kuondoka katika nyumba inayomuumiza, hukirudia kisa hiki. Sheria nyingi zilizoandikwa baada yake zilizungumzia kumwachia mtoto. Ni chache mno zilizoanza na swali lililoulizwa pale: huyu mtoto anafanyiwa nini? Ndiyo maana nimeamua kuifuata njia yenyewe, tangu Roma hadi kwetu, nione swali hilo lilipotea wapi.

Tuanze na uzito wa kilichokuwa kikivunjwa. Roma haikuwa na umri wa kutoka mikononi mwa baba. Mtu angeweza kufika miaka 40, akaoa, akazaa, hata akachaguliwa kushika madaraka ya umma, na bado akahesabiwa kuwa chini ya baba yake maadamu mzee yu hai. Alichochuma kilikuwa cha baba. Sheria ya kale ilimpa baba hata uwezo wa kumuua mwanawe. Kaisari Hadrian, aliyemfuata Trajan, alimhamishia kisiwani baba mmoja aliyemuua mwanawe mawindoni, na maelezo yaliyohifadhiwa yanasema kwamba mamlaka ya baba yapaswa kusimama juu ya upendo, si ukatili. Ilibidi Kaisari aingilie ndipo jambo hilo litamkwe.

Kulikuwa na upenyo mmoja. Mbao Kumi na Mbili, sheria za Roma za karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, zilisema kwamba baba akimuuza mwanawe mara tatu, mtoto huyo yuko huru kutoka kwa baba yake. Baada ya muda wanasheria waliigeuza kanuni hiyo kuwa utaratibu wa makusudi. Mwanasheria Gaius ameueleza hatua kwa hatua. Walihitajika mashahidi wasiopungua watano, raia wa Roma waliokwisha kubaleghe, na mtu wa sita wa kushika mzani wa shaba. Mnunuzi, ambaye kwa kawaida ni rafiki wa baba, humkamata kijana kwa mkono, hutamka kwamba huyu ni wake, hugonga mzani kwa kipande cha shaba, kisha humpa baba kipande hicho kama bei. Halafu humwachia huru, na kijana hurudi mikononi mwa baba. Mzani hugongwa mara ya pili, kijana huachiwa, hurudi. Hugongwa mara ya tatu, na hapo kifungo hukatika. Kwa binti, mauzo ya mara moja yalitosha, kwa kuwa kanuni ilimtaja mwana wa kiume peke yake.

Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kinachonigusa ni ukimya wa kijana. Ameshikwa mkono, ameuzwa, amerudishwa, na hakuna mahali katika utaratibu huo anapoombwa aseme neno lolote. Baba ndiye anayeamua uanze. Na si kila mara alifanya hivyo kwa wema, kwa sababu aliyetolewa mikononi mwa baba kwa sheria ya zamani alikosa pia nafasi yake katika urithi wa nyumba. Mwaka 531 Justinian aliondoa mzani na mauzo ya maigizo, akaagiza jambo limalizwe kwa tamko mbele ya hakimu. Mtamkaji akabaki baba.

Kutoka hapo njia inagawanyika. Tawi moja lilipita Ufaransa. Sheria ya Madai ya Napoleon ya mwaka 1804 iliweka utu uzima kwenye miaka 21, ikamruhusu baba kumweka huru mwanawe aliyefikisha miaka 15 kwa tamko mbele ya hakimu wa amani. Ndoa nayo ilimweka mtoto huru moja kwa moja. Lakini sheria hiyohiyo ilisema mtoto hawezi kuondoka nyumbani kwa baba bila ruhusa, isipokuwa anakwenda kujiunga na jeshi kwa hiari baada ya kutimiza miaka 18. Ilimpa baba pia uwezo wa kuomba mwanawe afungwe: mwezi mmoja kwa aliye chini ya miaka 16, na hadi miezi sita kwa aliyevuka umri huo. Kwa mtoto mdogo asiye na mali yake, hakimu hakuwa na nafasi ya kukataa. Kifungo hicho kilifutwa Ufaransa mwaka 1935. Hadi hapo, kijana aliyepigwa nyumbani, kama angethubutu kukimbia, angeweza kurudishwa na dola kwa aliyempiga, kisha akafungwa kwa neno lake.

Tawi la pili ni la Uingereza, na huko kuna kesi ambayo kila anayejali jambo hili aijue. Mwaka 1883 Mahakama ya Rufaa jijini London ilisikiliza shauri la familia ya Agar-Ellis. Binti wa miaka 16 alitaka kwenda likizo kwa mama yake. Wazazi walikuwa wameachana baada ya baba kuvunja ahadi aliyotoa kabla ya ndoa, kwamba watoto watalelewa Kikatoliki. Baba aliwaweka watoto mbali na mama yao. Alidhibiti barua zao, na mama aliruhusiwa kuwaona mara moja kwa mwezi. Mahakama ilikataa ombi. Majaji walisema haki ya baba ni ya kiasili, na mahakama haiwezi kuingia kati ya baba na binti yake hadi atimize miaka 21, ila pawe na kosa zito kupindukia. Binti hakuwa amepigwa wala kunyimwa chakula. Alikuwa akimtamani mama yake, na hilo halikuwa na uzito mbele ya sheria.

Karibu karne nzima ilipita kabla majaji wa Uingereza hawajaiacha hukumu hiyo. Mwaka 1969 Jaji Denning alisema haki ya mzazi hupungua kadiri mtoto anavyokua, na mwaka 1985 Baraza la Malodi, katika kesi ya Gillick, likakubali kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kuamua mwenyewe juu ya matibabu yake akiwa na akili ya kutosha kuyaelewa. Hatua kubwa. Ila sisi tulikuwa tumeshapokea sheria ya Uingereza kabla hawajaipiga hatua hiyo: Kenya kuanzia tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kuanzia tarehe 22 Julai 1920.

Pwani ilikuwa na kipimo chake tangu zamani. Sheria ya Kiislamu, kwa msingi wa aya za mwanzo za Sura An-Nisaa, inamtaka mlezi amjaribu yatima mpaka afikie umri wa kuoa, na akiona kwake rushdi, yaani uwezo wa kuendesha mambo yake kwa busara, amkabidhi mali yake. Hapo angalau anayetazamwa ni mtoto mwenyewe. Lakini aya hizo zahusu mali ya yatima. Mtoto anayeteswa na baba aliye hai ni shauri jingine.

Matawi yale mawili yalikuja kukutana Ziwa Tanganyika. Ubelgiji, iliyokuwa imeikubali sheria ya Napoleon, iliipeleka Kongo. Kanuni ya Familia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ya mwaka 1987 iliweka wazi kwamba mtoto aliyetimiza miaka 15 anaweza kuwekwa huru na mahakama. Ombi linapelekwa na wazazi au mlezi. Kwa hiyo kijana wa Uvira au Kalemie anao mlango katika sheria, na ufunguo wake uko mfukoni mwa yuleyule anayemkimbia. Kinshasa ilipoirekebisha kanuni hiyo mwaka 2016 ilisema jambo moja la maana sana: mtoto haruhusiwi kuingia katika ndoa hata kama amekwisha kuwekwa huru.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, mlango huo haupo kabisa. Lakini kwa mtoto wa kike kulikuwa na mwingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na aliye chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya baba. Yaani njia iliyoandikwa humo ya kumtoa binti wa miaka 15 katika mamlaka ya nyumba yao ilikuwa kumtia katika mamlaka ya mume, kwa idhini ya yuleyule baba. Ni wangapi walioitikia posa kwa sababu tu nyumbani hakukaliki? Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka mwingine ukapita bila Bunge kubadili vifungu hivyo.

Wapo watakaosema tuige Marekani. California inamruhusu mwenye miaka 14 aombe mwenyewe, na hilo nalipenda. Lakini lazima awe anaishi mbali na wazazi wakiwa wameridhia au wamenyamaza, awe na kipato halali na awe anaendesha fedha zake. Mtoto wa maskini anayelala kwa jirani kwa kuogopa kipigo atayatoa wapi hayo? Kinachomfaa ni mtu mzima mwingine wa kumlea, na amri ya mahakama ya kumlinda asirudishwe.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inao utaratibu huo. Mahakama ya watoto inaweza kumwondoa mtoto na kumkabidhi kwa mtu anayefaa au taasisi, na kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni juu ya mambo yanayomhusu. Ila kazi ya kulifikisha shauri mahakamani imewekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Kabla yake kuna mwenyekiti wa mtaa, ambaye huenda ni rafiki wa baba, na dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Kijana wa Kigoma anayetaka kuondoka kwao anaanzia hapo, au kwa kupiga 116 bila malipo, na yote yanayofuata yanategemea kama aliyekaa upande wa pili atamwamini au atamwambia arudi nyumbani akamwombe baba yake msamaha.