Homoni na Elimu ya Uzazi wa Nyangumi katika Bahari ya Kwale

Kila mwaka kusi inapovuma, takriban Julai hadi Oktoba, nyangumi wa nundu hupanda kutoka maji baridi ya Antaktika wakapita nje ya mwamba wa Diani, Msambweni na Shimoni, baadhi yao wakiandamana na ndama; na kwa kuwa msimu huo ndio ambao vyombo vidogo huihofu bahari kuu, maarifa yetu juu ya uzazi wao yametokana na kuwaona wachache kwa mbali. Ushahidi wa macho una heshima yake, lakini mama mwenye ndama hutuarifu tu kwamba amezaa, wala hatupi habari ya yule ambaye himila yake iliharibika.

Kwa sababu hiyo wanazuoni wameielekea homoni. Mshale mwepesi wenye ncha yenye uwazi hurushwa kwa upinde, ukagonga ubavu, ukadunda na kuelea majini pamoja na kipande kidogo cha ngozi na shahamu. Na katika shahamu hiyo hupimwa projesteroni, ambayo kwa mwenye mimba huzidi sana ya asiye nayo. Kwa njia hiyo, majike waliopimwa kwenye Rasi ya Antaktika baina ya 2010 na 2016, ingawa ni wa ukoo unaozalia upande wa Amerika, zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na mimba, nayo ni bishara kubwa kwa jamii ambayo wawindaji wa karne ya 20 walikaribia kuimaliza.

Hata hivyo, sioni kwamba yafaa kuihamishia Kwale njia hiyo kama ilivyo. Huku ndiko wanakozaa na kupandana, na mimba yao huchukua miezi 11 hadi 12; basi aliyezaa juzi homoni yake imekwisha kushuka, hali yule ambaye yai lake limepevuka huweza kupandisha projesteroni hata kama mimba haikutunga. Kinyesi nacho, kilichowafaa mno watafiti wa Marekani kwa nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini, hapa ni nadra, kwani wageni wetu hawali ila kwa nadra, wakiishi kwa shahamu waliyojiwekea akiba.

Rai yangu ni kwamba tuanze na mizoga. Nyangumi akifia pwani, hima ya kila mtu ni kumzika kabla uvundo haujaenea, na hali mdomoni mwake mna mabamba ya kuchujia chakula, yaliyoota polepole kwa mada ile ile ya kucha za mwanadamu, ambamo homoni za kila msimu zimehifadhika, hata mwenye kuchukua unga wake kidogo kidogo, toka ncha hadi ufizini, huweza kusoma miaka michache ya maisha ya jike na mimba alizobeba. Bamba hilo likikauka halihitaji barafu. Lataka kisu kikali, karatasi ya kuandikia tarehe na mahali, na rafu isiyo na unyevu. Wavuvi wa Msambweni, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuufikia mzoga, wafunzwe kazi hiyo kwa idhini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya. Nao manahodha wanaopeleka watalii kutazama pomboo huko Wasini na Kisite wapige picha za upande wa chini wa mkia, ambao alama zake hazifanani baina ya nyangumi na mwenzake, ili jike aliyepimwa katika malisho ya kusini akionekana huku, ana ndama au hana, ijulikane mimba ile iliishia wapi.