Maandishi na Sauti katika Urithi wa Kiswahili

Maandishi ni chombo kilichompa binadamu uwezo wa kusema na watu asiowaona, na hata na wale ambao hawajazaliwa. Walakini chombo hicho hakibebi yote ayasemayo mtu. Huchukua baadhi ya sauti, huacha mkazo, lahani na ishara za uso, kisha humwachia msomaji kazi ya kuyarudisha yaliyoachwa. Historia ya maandishi ya Kiswahili yathibitisha jambo hili waziwazi, nayo ina funzo kwa kila mwalimu na mwanafunzi wa lugha yetu.

Kwa karne kadhaa Waswahili wa pwani waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni miongoni mwa kazi za kale kabisa zilizotufikia kwa mwandiko huo. Lakini herufi hizo zilikuwa zimebuniwa kwa lugha nyingine yenye sauti zake. Kiarabu fasihi hakina p, v, g wala ch, na alama zake za irabu fupi ni tatu tu, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo mwandishi wa kale aghalabu alitumia be kwa b, p na mb. Alitumia fe kwa f na v. Ghaini aliitwika mzigo wa g, ng na gh. Na kasra moja ilisimama badala ya e na i. Matokeo yake ni kwamba maneno piga, pinga, penga na bega yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Kadhalika neno kuku na neno koko hayakutofautiana karatasini.

Basi walisomaje? Walisoma kwa kuwa waliijua lugha kabla ya kuliona neno. Mwelekeo wa habari ulimwambia msomaji kama mtu amepiga au amepinga. Katika utenzi, mizani nane za kila kipande, pamoja na kina, vilimwongoza penye shaka. Baadhi ya waandishi wa baadaye waliongeza nukta ili kutenga p na b, na mageuzi hayo yalikuwa na faida. Lakini nguzo kubwa ya usomaji ilikuwa jamii yenyewe. Tendi zilighanwa kwa sauti mbele ya watu, na miongoni mwao walikuwamo waliozihifadhi kwa moyo. Karatasi ilikuwa kikumbusho. Utenzi wenyewe ulikaa katika vinywa na masikio ya watu.

Mfano wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, waonyesha hatari iliyopo pale nguzo hiyo inapotikisika. Mashairi yake mengi yalizungumzia mambo yaliyokuwa yakitokea mjini: uhasama wa Mombasa na Lamu, biashara, mapenzi na kejeli baina ya wenyeji. Yamejaa mafumbo ambayo watu wa zama zake waliyaelewa mara moja. Nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi hayo na kuyafafanua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Lau Mwalimu Sikujua asingaliwahi, huenda tungalirithi maneno ya baadhi ya mashairi hayo tukakosa maana yake.

Herufi za Kirumi, zilizoenezwa na wamisionari na serikali za kikoloni, ziliondoa utata mwingi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja. Hata hivyo, herufi hizi nazo zina mipaka. Wapo wasemaji wa pwani, hasa wa Mombasa, watamkao paa wa mwituni kwa kupumua, na paa la nyumba bila pumzi hiyo. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo. Tena neno barabara huwa njia mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, na huwa sawasawa mkazo ukihamia silabi ya pili. Ukurasa hauonyeshi lolote; msomaji ndiye aamuaye.

Taifa letu lilipopigana na ujinga, lilitumia hekima hii ya kuunganisha maandishi na sauti. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma na kusomewa vijitabu, wakajadiliana, ndipo wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kijitabu peke yake kisingaliweza kuchimba choo. Majadiliano ndiyo yaliyoyageuza maneno kuwa kazi.

Hatuna budi kulikumbuka funzo hilo tunapoitazama miswada yetu ya kale. Orodha ya hazina ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, ilijumuisha miswada pamoja na kanda za sauti. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mswada bila msomaji aujuaye ni sanduku lisilo na ufunguo. Wazee wawezao kusoma mwandiko huo, na kueleza mafumbo yaliyomo, hupungua kila mwaka.

Kwa hiyo mwalimu asiridhike mwanafunzi anapotamka herufi bila kukwama. Amwulize maneno yalisemwa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani. Naye mwanafunzi mwenye mzee ahifadhiye utenzi nyumbani asiishie kuunakili. Amsikilize akiughani, amwulize maana ya kila fumbo, na ayaandike maelezo yake kando ya beti. Kuuliza si ujinga. Na katika jambo hili, kuchelewa kuuliza ni hasara isiyolipika.