Utafiti wa upasuaji huanzia kwenye daftari. Sisi wa Goma tunangoja nini?

Kuna neno nalisikia kila mara kati ya wenzangu tunaojifunza upasuaji hapa Goma: eti utafiti ni kazi ya watu wenye maabara na dola, sisi tukate, tushone, turudi nyumbani. Mimi sikubali. Na sababu yangu iko katika historia ya eneo letu lenyewe.

Tuanzie Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa Mulago kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Muda mfupi baadaye akaona mwingine kule Jinja, uvimbe uleule. Alifanya nini? Hakuagiza mashine. Alifungua mafaili ya zamani ya hospitali, akahesabu watoto wa namna hiyo. Mwaka 1958 makala yake ikatoka katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Hakuishia hapo. Alituma barua kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama nao wanauona uvimbe huo, na kila jibu akaliwekea alama kwenye ramani. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wawili wenzake walipanda gari kuukuu, wakazunguka wiki kumi, karibu kilomita 16,000, hospitali baada ya hospitali. Ikaonekana ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua. Vipande vya uvimbe vilitumwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyovikuta humo, vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Yote hayo yalianzia kwenye mafaili, barua na ramani!

Lakini tuseme ukweli wote. Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt. Wauguzi na makarani walioandika yale mafaili, nani leo anawataja?

Njo maana mfano wa pili ni muhimu zaidi kwetu. Daktari Denis Mukwege alisomea uganga Burundi, akajifunza magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, akarudi Kivu. Hospitali ya Panzi ilipoanza mwaka 1999, alitarajia kuzalisha akina mama. Badala yake akawapokea wanawake waliobakwa na kuharibiwa mwili. Aliwatibu, na aliandika. Mwaka 2009 yeye na mwenzake walichapisha katika PLoS Medicine makala juu ya ubakaji huo wa kikatili Kivu ya Kusini. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, akapata udaktari wa falsafa Brussels kwa kazi juu ya fistula. Tuzo ya Nobel ilikuja 2018. Wengi tunaikumbuka Nobel, tunasahau kwamba nyuma yake kulikuwa na mafaili yaliyojazwa vizuri, mgonjwa mmoja mmoja.

Sasa tuangalie kwetu. Tangu 2012 wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa wanasaidia hospitali ya CBCA Ndosho kutibu majeruhi wa vita. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, Ndosho ilijaa watu wenye majeraha ya masasi na mabomu. HEAL Africa nayo ina miaka mingi ya kushona fistula na kunyoosha mifupa. Mambo ambayo wenzetu wa Ulaya wanayasoma vitabuni, sisi tunayaona kabla ya saa nne asubuhi. Tatizo si kukosa mada.

Tatizo ni karatasi. Katika hospitali moja niliyopitia, nilitaka kujua ni wangapi walirudi na kidonda kilichooza baada ya upasuaji. Rejista ilikuwa na jina na tarehe, basi. Matokeo hakuna. Na hapo hapo mgeni mmoja alikuja wiki mbili, akapiga picha kurasa zilizojaa vizuri, akaondoka. Mimi niliyezijaza usiku hata ujumbe sikupata.

Tufanye nini? Kwanza, tuchague swali dogo: kwa mfano, mgonjwa wa mfupa uliovunjika anangoja siku ngapi kabla ya kupasuliwa? Pili, kila mgonjwa tuandike mpaka mwisho: alipona, alirudi, alikufa. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, kinadai mwanafunzi aandike kila upasuaji anaofanya. Hata ambaye hajajiandikisha huko anaweza kuanza leo. Tatu, tuombe ruhusa ya kamati ya maadili mapema, na tukubaliane kwa maandishi nani atasaini makala kabla ya kumpa mgeni yeyote namba zetu. Nne, tuweke nakala mahali pengine. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliharibu sehemu kubwa ya hospitali ya DOCS, ambayo leo ndiyo HEAL Africa. Mji wetu hauna huruma kwa kabati moja.

Tusipoandika sisi, majeruhi wetu watahesabiwa na wengine, au hawatahesabiwa kabisa. Nani yuko tayari tuanze na rejista ya mwezi huu?