Jina Kwanza, Faili Baadaye: Waandishi Wenye Majina na Uuzaji wa Vitabu Pepe Nyanda za Juu Kusini

Msomaji aliyeko Soweto, jijini Mbeya, leo anaweza kununua riwaya mpya bila kutoka nyumbani. Anaona tangazo la mwandishi kwenye simu, anatuma pesa kwa namba iliyowekwa pale, na kabla hajaweka namba ya siri jina la mpokeaji linajitokeza ili ahakikishe hajakosea. Anampelekea mwandishi ujumbe wa muamala, na muda si mrefu PDF inaingia WhatsApp. Kitabu kimesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam bila kupakiwa kwenye basi, na fedha yote, ukitoa makato, imebaki kwa aliyeandika. Wengi wameiita biashara hii ukombozi wa mwandishi wa Kiswahili. Makala haya yanashikilia kwamba inamkomboa mwandishi ambaye tayari ana jina tu, na kwamba jina hilo lilijengwa na taasisi ambazo biashara yenyewe haijapata mbadala wake.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili ni geni. Katika miaka ya 1970 na 1980, kizazi kizima cha waandishi wa riwaya pendwa Tanzania kiliamua kujichapishia. Elvis Musiba, mfanyabiashara na muundaji wa mpelelezi Willy Gamba, alitoa vitabu vyake chini ya Continental Publishers. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotion; Ben Mtobwa akaanzisha Heko. Hawa hawakuwa wachanga waliokataliwa na wachapishaji. Musiba, kwa mfano, alikuwa ameshachapishiwa Kufa na Kupona na East African Literature Bureau. Waliondoka kwa sababu walijua wanasomwa na hawakuona fedha.

Kilichowaangusha wengi wao ni barabara na deni, zaidi ya kalamu. Karatasi ilikuwa adimu, kweli, lakini hata kitabu kilipochapwa kilipelekwa Iringa, Mbeya au Songea kwa mali kauli: mwenye duka anapokea nakala, anauza, kisha analipa akipenda. Mwandishi aliyetaka haki yake alilazimika kuifuata mwenyewe, na nauli ya kwenda kudai nakala chache ingeweza kuzidi deni lenyewe. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mjadala wa vitabu pepe hujikita mno kwenye faili na kuisahau fedha. Faili lilikuwapo zamani. Kilichobadili hali ni huduma za pesa kwa simu, zilizoanza Tanzania na M-Pesa mwaka 2008. Kwa mara ya kwanza mnunuzi wa Soweto alianza kulipa kabla ya kupokea bidhaa, na mwandishi hakuhitaji tena kumdai mtu.

Umuhimu wa malipo unaonekana hata kwa mwandishi ambaye jina lake lingetosha kuuza chochote. Mwaka 2000 Stephen King wa Marekani aliuza The Plant sehemu kwa sehemu kwenye tovuti yake, mwanzoni kwa dola moja kila sehemu, akiwaamini wasomaji walipe kwa hiari. Alitangaza kwamba angeendelea iwapo asilimia 75 ya wanaopakua wangelipa. Walipozidi kupungua, aliisitisha baada ya sehemu sita, na haijakamilika hadi leo. J.K. Rowling alijilinda kwa namna nyingine. Alikuwa amebaki na haki za kielektroniki za Harry Potter, na mwaka 2012 akaanza kuuza vitabu hivyo kupitia tovuti yake ya Pottermore. Faili hazikuwa na kufuli la kawaida, bali zilikuwa na alama inayomtambulisha mnunuzi. Mwandishi wa Dar es Salaam anayeandika namba ya simu ya mteja kwenye kila ukurasa wa PDF kabla ya kuituma anafuata mantiki hiyohiyo.

Sasa tuliangalie jina. Hussein Tuwa, mmoja wa waandishi wa riwaya wanaofahamika zaidi nchini, amesomwa na vijana wengi wasiowahi kuingia duka la vitabu, kwa kuwa riwaya yake, Mfadhili, imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi vya kidato cha tano na sita. Eric Shigongo alijenga wasomaji wake kwa njia tofauti kabisa: hadithi za mfululizo katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, zilizomfanya mtu anunue gazeti la wiki ijayo ili ajue nini kimetokea. Shule na gazeti ndivyo vilivyowatia hawa vichwani mwa watu. Tangazo la kwenye simu huja baadaye kuvuna.

Mfano ulio karibu zaidi na ukanda huu ni Profesa Joseph Mbele, Mmatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ambaye kwa miaka mingi amefundisha katika Chuo cha St. Olaf, Minnesota. Kitabu chake Africans and Americans cha mwaka 2005 alikitoa mwenyewe kupitia mtandao wa Lulu, ambako nakala huchapwa inapoagizwa. Kimewafikia, pamoja na wengine, Walutheri wa Minnesota wanaojiandaa kuja kuwatembelea washirika wao Tanzania; na ushirika mkubwa wa aina hiyo ni ule wa Bega kwa Bega, kati ya Sinodi ya Eneo la St. Paul na Dayosisi ya Iringa. Mbele hakuhitaji mchapishaji wa kumtafutia wasomaji. Tayari alikuwa na darasa, mihadhara na makanisa. Kijana wa Njombe mwenye mswada mzuri vilevile hana hata kimoja cha hivyo, na lipa namba haitampatia.

Kuna upande wa sheria ambao waandishi wakongwe wanaupuuza kwa hasara yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, hivyo warithi wa Musiba na Mtobwa wana mali mkononi. Je, mkataba uliosainiwa mwaka 1975 ulimpa mchapishaji haki ya kitabu pepe? Mahakama ya New York, katika shauri la Random House dhidi ya RosettaBooks mwaka 2001, iliona kwamba haki ya kuchapa kazi kama kitabu haikujumuisha toleo la kielektroniki. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, lakini unatosha kumfanya mwandishi alifungue kabati, aitafute mikataba yake na aisome upya kabla ya kuuza, au kabla ya kumwachia mwingine auze.

Kinachonisumbua zaidi ni kumbukumbu. ISBN nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo pia hupokea nakala za machapisho ya taifa. PDF iliyouzwa kwa WhatsApp kwa kawaida haipiti huko. Tayari riwaya nyingi za waliojichapishia miaka ya 1980 ni shida kuzipata. Mtafiti huzikuta kwa watu binafsi, majalada yamechanika na kurasa zimepungua. Hizi za sasa zitatoweka upesi zaidi, siku simu itakapoibwa au kuharibika. Mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha Mkwawa, Iringa, akitaka kuandika tasnifu juu ya riwaya zinazouzwa leo kwa simu, atazinukuu kutoka wapi?

Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, yaani UWARIDI, unafaa kuanza na kazi hii ya kumbukumbu, kwa kuwa wanachama wake ndio wenye majina. Wakubaliane kwamba hakuna kitabu pepe kitakachotangazwa kabla hakijapata ISBN na nakala yake kukabidhiwa maktaba. Kisha kila mwandishi anayefahamika, anapotangaza kitabu chake, atangaze pia kimoja cha asiyefahamika kwa wasomaji walewale na kwa namba ileile ya malipo, huku mgawo wa fedha ukiwa umeandikwa na kusainiwa.